Mtoto yuko kwa nani?

Kwanza nijibu swali ambalo naulizwa na karibu kila mgeni anayeingia kwangu hapa Mwanga, Kigoma, tangu mwezi wa nne, kwamba mbona diaba la maji lina ubao juu na juu ya ubao kuna jiwe, kwani Mama Nasri unaogopa majini? Siogopi majini. Naogopa mtoto wa mwaka na miezi saba ambaye ana kichwa kizito na hamu ya kujua kila kitu kilichomo ndani ya kila kitu. Nimechoka kuelezea mlangoni, halafu kuna watu wa upande wa mume wangu wanaihadithia hii stori vibaya (mnajijua), kwa hiyo acha niisimulie mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, arobaini ya mtoto wa wifi yangu, na shughuli ilikuwa Ujiji kwa mama mkwe, sio mbali na pale makumbusho ya Livingstone. Kama umewahi kwenda arobaini Ujiji unajua inavyokuwa, turubai limefungwa tangu jana yake, wamama wa kuchambua mchele wameshakaa mkekani kabla jua halijatoka, mashemeji wanachuna mbuzi uani, watoto wanapita miguuni kama vifaranga, na shangazi kaja na treni kutoka Tabora na galoni zima la asali, hataki mtu mwingine alishike. Watu wazima tulikuwa si chini ya ishirini na tano. Hiyo namba naomba uishike. Tangu nizae sijawahi kuwa na watu wengi hivyo wa kunishikia mtoto, na ndo siku mtoto alitaka kunitoka.

(Hapo kwenye asali nisije nikasahau. Shangazi alitaka kumlambisha mtoto wa arobaini ile asali, kidogo tu kwenye ulimi eti awe na maneno matamu. Tukamzuia, akanuna mpaka adhuhuri. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali, hata iwe safi namna gani, hata iwe ya Tabora yenyewe, sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo letu sisi wakubwa linazimudu ila la mtoto mchanga bado, zikifika mle zinatoa sumu inayolegeza misuli, mpaka ile ya kupumulia. Akitimiza mwaka mpe. Shangazi kama unasoma, bado nakupenda na asali ilikuwa nzuri.)

Basi. Nyuma ya jiko la uani kulikuwa na diaba la bluu, lile pana la kuoshea mchele. Maji yake yalishatumika, yamebaki kidogo. Baadaye nilirudi kuyapima kwa mkono wangu, nilipogusa chini yakaishia hapa ninapofunga saa.

Mimi niko barazani namenya vitunguu swaumu. Zuhura wangu, ana miaka saba, akaja akasimama mbele yangu akasema, "Mama, Nasri anaangalia maji."

Nikamwambia mwambie aache, atalowesha nguo mpya. Hivyo ndo nilivyojibu. Nikaendelea kumenya.

Zuhura akaenda, akarudi. "Mama, namwita haniitikii."

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka tu nimefika na vitunguu vimemwagika njia nzima. Nasri alikuwa amelala tumbo kwenye ukingo wa diaba, miguu iko juu, kile kiatu kimoja kimetoka, kichwa chote ndani. Hapigi maji. Halii. Na hatua nne kutoka pale kulikuwa na wamama watatu wanageuza pilau huku wanabishana bei ya mawese, sio kwamba hawajali, walikuwa hawajasikia chochote sababu hakukuwa na chochote cha kusikia. Mimi maisha yangu yote nilikuwa nadhani mtu anayezama anapiga kelele. Kumbe hawezi, kelele zinahitaji pumzi na pumzi ndo hana. Mtoto mdogo ndo kabisa, anaingia kimya kama anachungulia kitu.

Nikamtoa. Rangi imekuwa kama jivu, midomo imeingia weusi. Hapo shemeji mmoja akanipokonya akataka kumshika miguu amning'inize kichwa chini maji yatoke, ndivyo alivyoona watu wanafanya kule mwaloni, mwingine anasema mkandamize tumbo, mwingine analia tu, na mama mkwe yuko chini anasoma dua kwa sauti. Mimi nikamnyang'anya nikamgeuza ubavu, sio kwamba najua, nilitaka tu awe mikononi mwangu. Akakohoa. Akatapika maji na chai ya asubuhi. Halafu akalia, na nyie, sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Watu wakasema alhamdulillah, ameshalia, mbadilishe nguo alale. Nusura nikubali. Ila jirani mmoja mama mtu mzima akasema we binti chukua bajaji sasa hivi nenda hospitali, ameshameza maji huyo. Tukaenda. Na alikuwa sahihi kabisa, sababu kule tulielezwa kwamba maji yakiingia kwenye mapafu mtoto anaweza kuonekana mzima halafu masaa machache baadaye kupumua kukaanza kumsumbua, kwa hiyo wakamkalisha pale mpaka jioni wanamwangalia kifua, wanampima pumzi, wanamwangalia tena. Usingizi usio wa kawaida, kukohoa kusikoisha, kupumua haraka haraka au mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, ukiviona kwa mtoto aliyetolewa majini usingoje kuche.

Nesi wa zamu siku ile simjui jina na hata ningelijua nisingeliandika, ila Mungu amlipe, alinikalisha kwenye benchi akanionyesha kwa mdoli wa Zuhura. Kuning'iniza kichwa chini ni kupoteza muda na kukamua tumbo kunarudisha matapishi kwenye mapafu. Kama mtoto ametolewa majini na hapumui, unamlaza chali sehemu ngumu, unainua kidevu kidogo, unampulizia pumzi tano ndogo mdomoni (kama ni kichanga mdomo wako unafunika mdomo na pua yake pamoja), unaangalia kifua kinapanda. Kama bado, unakandamiza katikati ya kifua mara 30, haraka haraka, kishuke kama theluthi moja ya unene wake, halafu pumzi 2, halafu 30 tena, huachi, na mwingine ndo anakimbilia usafiri. Pumzi kwanza. Alirudia hilo mara nyingi, kwamba mtoto aliyezama kilichomwishia ni hewa, kwa hiyo anza kwa kumpa hewa.

Nikamuuliza, sasa yale maji kidogo vile yanamzamishaje mtoto anayetembea na kukimbia? Akanijibu kwamba sentimita 5 zinatosha, ili mradi zifunike pua na mdomo. Mtoto wa umri ule kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, akiinama kwenye ndoo au diaba uzito wote unaenda mbele, akishapinduka mikono haina nguvu ya kujisukuma arudi, na diaba likiwa zito halimwagiki. Ndo amekwama hivyo hivyo miguu juu.

Unajua kilichonichekesha, sio kunichekesha, sijui niseme nini, ni kwamba sisi watu wa mwisho wa reli tumekua tunaogopeshwa ziwa. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, duniani linalolizidi ni Baikal la Urusi peke yake, na bibi zetu walikuwa na hadithi za mambo yaliyoko chini kule ili tusisogee. Nasri sijawahi kumshusha ufukweni bila kumshika mkono. Nikifika Kibirizi nakuwa kama askari. Halafu maji yaliyotaka kumchukua yalikuwa ya kuoshea mchele.

Sasa usiku ule. Nasri kalala katikati yetu, mimi na baba yake tunaangalia dari, hakuna anayeongea. Mwisho yeye ndo akaanza, "Kwani ulikuwa wapi?" Nikamwambia na wewe ulikuwa wapi. Tukagombana kwa kunong'ona, ugomvi wa kunong'ona ni mbaya kuliko wa kelele, na kesho yake asubuhi ugomvi ukapata pa kwenda, ukaenda kwa dada wa kazi. Kila mtu akakubali haraka sana kwamba kosa ni la dada. Mama mkwe akapiga simu asubuhi asubuhi anasema mrudisheni kwao Kasulu.

Dada yetu ana miaka kumi na tisa. Alikuwa anakunja nguo zake kimya bila hata kujitetea, na ile kimya ndo ilinishtua. Nikamwambia kaa chini, hebu nieleze jana, toka mwanzo, Nasri alikuwa wapi saa ngapi. Halafu nikaanza kuwapigia simu wengine mmoja mmoja. Nilitumia bando la wiki nzima.

Ilikuwa hivi. Mama mkwe alikuwa naye asubuhi, Nasri akalia, bibi yake akamwambia nenda kwa mama yako, akaamini amefika kwangu sababu alimuona ameelekea barazani. Mimi nilimuona baba yake kambeba begani anamwonyesha mbuzi, nikatulia, nikajua yuko na baba yake. Baba yake alipoitwa kushika turubai akampa mdogo wake. Mdogo wake simu ikaita, akamshusha chini karibu na dada akaondoka, hakusema kitu, alimshusha tu karibu yake, kwa akili yake amemkabidhi. Na dada kweli alimuona. Akamshika. Halafu wifi akamtuma chumvi dukani, akiwa anavaa ndala shangazi akamwongezea na kiberiti, na yeye akamwacha Nasri pale walipo wamama wa pilau, sababu walikuwa watatu na watu wazima, na yeye ni nani amwambie mama wa watu "mniangalizie mtoto".

Hamna aliyedanganya. Hamna aliyekuwa mzembe, kila mmoja ukimuuliza mwenyewe alikuwa na uhakika mtoto yuko salama kwa fulani. Ishirini na tano tuligawana mtoto mmoja mpaka hamna aliyebaki naye. Ningekuwa peke yangu na Nasri siku ile ningekuwa namfunga mgongoni na yasingetokea, naapa. Huku kwetu tunajisifu kwamba mtoto ni wa wote, na mimi nimelelewa hivyo na naipenda, lakini mtoto wa wote ikifika saa sita mchana pilau limekolea anakuwa hana mwenyewe.

Nikamwomba dada msamaha. Mbele ya baba Nasri. Nguo zikarudi kabatini.

Kuanzia hapo nyumbani kwangu kuna sheria mbili, na ya kwanza inachekesha watu. Mtoto hatolewi mkono kwenda mkono bila maneno. Anayempa anasema "Nasri yuko kwako." Anayepokea anajibu "yuko kwangu." Asipojibu, bado ni wako, hata kama umeshamshusha, hata kama umeinuka. Kutikisa kichwa hakuhesabiki, "mm" haihesabiki. Na ukiwa na Nasri huna simu mkononi, simu iite mpaka ichoke. Ni hivyo tu.

Wiki ya kwanza shemeji yangu, yule yule wa simu, nikimwambia Nasri yuko kwako ananijibu "nisaini wapi?" Wakaniita mama makabidhiano. Kuna siku kaja kunisalimia na baba Nasri anampa mtoto, akasimama kiaskari kabisa akapiga saluti, "yuko kwangu afande!" Tukacheka sote. Ila alisema. Mi hata upige saluti sawa, ili mradi umesema.

Iliyoleta matatizo ni ya pili, kwamba dada akiwa na mtoto hatumwi. Hatumwi chumvi, hatumwi vocha, haitwi kufungua geti, haambiwi tupia maji kidogo kwenye maharage. Ukitaka kumtuma unapokea mtoto kwanza, unasema yuko kwangu, ndo unamtuma. Hii jamani imenigombanisha na watu, manake kwetu msichana wa kazi ni wa kutumwa na yeyote aliye mkubwa kwake na wakubwa kwake ni wote. Mama mkwe alinambia waziwazi kwamba namharibu, kesho atakuwa hatumiki. Nikamwambia kwa adabu, mama, shikamoo yako iko pale pale, lakini hata wewe ukimtuma akiwa na Nasri atakukatalia na mimi nimemruhusu. Alikaa wiki mbili hajaja kwangu. Siku aliyokuja alimkuta dada amempakata Nasri, akafungua mdomo kumtuma maji ya kunywa, akafunga, akanyosha mikono. "Haya nilete huyo. Yuko kwangu. Sasa kaniletee maji." Sikugeuka kumtazama, nilijifanya nachambua dagaa.

Halafu ulinzi wa macho peke yake hautoshi, hata mimi mwenyewe nina mafua nina usingizi nina mawazo. Kwa hiyo ubao na jiwe. Ndoo za chooni zinalazwa kifudifudi zikiwa tupu, madumu yana vifuniko, na beseni la kufulia likishamaliza kazi linamwagwa hapo hapo, sio "ngoja nitadekia nayo baadaye". Kuna jirani ana shimo la choo anachimba na mvua hii limejaa maji nusu, nilimfuata nikamwambia kwa upole weka hata mabati, akaweka mabanzi, sawa, nitamfuata tena.

Kuna siku nilienda Katonga kufuata dagaa wa kuuza, wale wa jua. Nikamkuta mama mmoja anageuza dagaa kwenye mchanga, na amemfunga mwanae kanga kiunoni, ncha ya pili kajifunga yeye, mtoto ana nafasi ya kucheza kama hatua tatu hivi, ziwa liko hatua kumi. Zamani ningesema anamtesa mtoto kama mbuzi. Siku ile nilisimama nikamwangalia nikaona huyu ana akili kuliko sisi wote wa arobaini, manake anajua kabisa kwamba kichwa chake kiko kwenye dagaa na hajidanganyi. Nikamuuliza wenzie wanafanyaje, akanionyesha chini ya mwembe, bibi mmoja amekaa na watoto sita, kila mama akimaliza anamwachia bibi dagaa sado mojamoja, akasema yeye tu wake ni msumbufu bibi kamkataa. Wataalamu wa afya duniani ndicho wanachoshauri kwa watoto wa umri huu, kizuizi kati ya mtoto na maji, na pahala pa kuwaweka mchana ambapo kuna mtu kazi yake ni hiyo tu, sababu umri wa mwaka 1 mpaka 4 ndo unaoongoza kwa kuzama. Bibi wa Katonga yeye analipwa dagaa.

Nilivyoanza kuangalia nyumba kwa macho haya nikaona mengi, sitayaandika yote leo. Jiko la mkaa mfano. Zuhura ana kovu mkononi la uji, alikuwa na miaka miwili, na wakati ule tulimpaka dawa ya meno na jirani akaongezea mawese juu, mtoto analia sisi tunapaka kama mkate. Kumbe ilitakiwa maji ya kawaida ya baridi, sio barafu, yanamtiririkia pale palipoungua dakika 20 nzima, unatoa nguo kama haijagandia, unafunika na kitambaa safi unaenda hospitali. Dakika 20 ni nyingi ukiwa na mtoto anayelia, weka simu ihesabu. Na jiko siku hizi linakaa juu ya matofali ndani ya kibanda chenye mlango, likiwa na moto mlango umefungwa.

Wa Kasulu na Manyovu ambako kuna baridi, nawajua, mzazi akitoka hospitali na kichanga mnamwingizia jiko la mkaa chumbani wapate joto, madirisha yamefungwa. Msifanye hivyo. Mkaa unatoa hewa ya sumu haina harufu haina rangi, na anayeivuta akiwa amelala haamki. Vaeni blanketi mbili, mtoto mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, hilo ndo jiko lake.

Na mafuta ya taa au petroli ya injini ya boti kwenye chupa ya maji ya kunywa, nani alitufundisha hii? Nyumbani kwa shemeji nilikuta tatu zimepangwa chini ya meza. Mtoto hajui kusoma, anajua chupa. Na akinywa usimtapishe na usimpe maziwa, akitapika ndo yanaingia kwenye mapafu na hapo ndo yanapoua. Beba mtoto, beba na chupa, nenda.

Kitu kimoja nilitaka kukiruka sababu kinaniuma kukiandika. Baada ya mambo ya diaba nikaanza kujiuliza lile swali hata kwa Zuhura, ambaye ni mkubwa na hazami kwenye ndoo. Zuhura yuko kwa nani? Akitoka madrasa saa kumi na moja mpaka anafika nyumbani, yuko kwa nani? Nikagundua kuna nusu saa kila siku ambayo sikuwa najua, anapita kwa huyu anapewa pipi, anabebwa na bodaboda wa pale kona "anamjua baba". Hakuna kilichotokea, namshukuru Mungu. Lakini wengi wanaowaumiza watoto sio wageni wa kutoka mbali, ni watu ambao mtoto anawaita mjomba, na kwetu mjomba ni wengi mno. Nilikaa naye jioni moja nikamtajia sehemu za mwili kwa majina yake, bila kuficha ficha, nikamwambia hapa na hapa hapashikwi na mtu, na mtu mzima akikwambia hii ni siri usimwambie mama, hiyo ndo ya kuniambia kwanza kabla ya zote, na sitakugombeza. Akanitazama akauliza, "Hata kama nimevunja kikombe?" Nikasema hata kama umevunja kikombe. Akasema basi alivunja kikombe cha bibi siku ya arobaini akakifukia nyuma ya jiko, ndo maana alikuwa kule nyuma akamuona Nasri.

Nilikaa kimya muda mrefu. Mama mkwe hicho kikombe nitakulipa.

Namba ya huduma ya simu kwa watoto ni 116, ni bure, mtoto mwenyewe anaweza kupiga au wewe ukiwa na wasiwasi na mtoto wa jirani. Zuhura anaijua kwa kichwa, anaiimba na Nasri anarudia, ila Nasri kila namba kwake ni "tano".

Nilikuwa na mengine ya betri zile ndogo za duara kama sarafu, za rimoti na vidude vya kuwaka taa, manake mtoto akimeza ikikwama kooni inaanza kuchoma ndani ya masaa mawili, sio ya kusubiri ataitoa chooni, ni ya kukimbia nayo. Lakini nasikia bomba linakoroma huko nje. Mgao wetu huja usiku siku hizi, na ukichelewa dakika kumi umekosa mpaka keshokutwa, kwa hiyo naenda kukinga. Baba Nasri kajilaza kwenye kochi na simu, Nasri yuko macho bado anavuta kamba ya pazia.

Nimemwambia yuko kwako. Kasema "mm."

Nimesimama hapa na ndoo namsubiri aseme vizuri.